Maji moto ya Kisaki na herufi moja ya mwaka 1856



Najua nimepotea, na najua wengine mmeshaanza kuulizana kama nimemezwa na utafiti au nimeoa kimyakimya. Ni utafiti. Tangu nilipowaambia hapa kwamba nimeanza uzamivu kwenye mambo ya miamba na mtiririko wa vimiminika, swali ni lile lile kila mahali, kafeteria, kwenye daladala la Mwenge, hata msibani: "Hivi wewe unasoma nini hasa?" Nikijibu kwamba natengeneza modeli ya namna maji yanavyopita kwenye miamba chini ya Kisaki, watu wanatikisa kichwa kwa heshima halafu wanabadilisha mada.

Wiki iliyopita nimekutana na mmoja ambaye hakubadilisha. Ni rafiki yangu, tulipiga msuli pamoja digrii ya kwanza, sasa hivi yuko kwenye mambo ya mabomba ya gesi. Akaniambia, "We jamaa, wenzako wako kwenye vitu vyenye takwimu na hela. Kisaki kuna nini? Halafu hiyo fomula yenyewe ni ya Mfaransa wa karne ya kumi na tisa. Kilichobaki ni kuingiza namba kwenye kompyuta na kupaka ramani rangi, hiyo nayo ni PhD?" Nilicheka, lakini njia nzima kurudi hosteli lile swali lilinikaa kama mwiba. Kwa hiyo leo namjibu, na namjibu kwa historia, maana ukiifuata historia ya hiyo fomula na historia ya Kisaki sambamba, unaona ni kwa nini kazi haijaisha. Mwenye haraka aishie hapa, wengine vuteni viti.

Huyo Mfaransa ni Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon. Kabla hajaingia kwenye madesa yetu alikuwa mtu wa maji ya bomba. Mwaka 1840 alileta maji safi Dijon kutoka chemchemi iliyoko kilomita 12 na ushee nje ya mji, kwa mfereji uliofunikwa, kwa nguvu ya mteremko tu. Miaka ya mwisho ya maisha yake, afya ikiwa imeshamchoka, akasimamisha bomba la chuma kwenye uwanja wa hospitali ya mji, akalijaza mchanga, akapitisha maji juu na kupima yanayotoka chini. Alirudia na kurudia, mwaka 1855 na tena 1856. Alichokiona hata mama lishe anayechuja tui anakijua kwa mikono yake: ukiongeza msukumo, maji yanaongezeka kwa uwiano ule ule, ukirefusha njia ya mchanga, yanapungua. Akayaandika hayo mwishoni mwa kitabu kinene cha mwaka 1856 kuhusu maji ya Dijon, kwenye kiambatisho, yaani sehemu ambayo sisi huwa hatuifungui kabisa. Januari 1858 akafariki.

Sasa, kwenye ule mlinganyo kuna herufi moja, k. Vitu vingine vyote ni vya kupima kwa rula, saa na ndoo. Ile k ndiyo mchanga wenyewe: unapitisha maji kwa urahisi gani. Na k huipati kwa kufikiri. Darcy hakuitoa kichwani, aliipima, mchanga kwa mchanga. Mkumbuke hiyo herufi.

Kwa wasioijua Kisaki: ukitoka Morogoro mjini unapita Bigwa, unaizunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, Matombo, Mvuha, Dutumi, Bwakila, halafu unashuka kwenye tambarare la joto ambapo nyuma yako ni ukuta wa milima na mbele yako ni pori, ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Selous na tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Reli ya TAZARA inapita hapo, ina stesheni. Mto Mgeta nao unapita, unakwenda kuungana na Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo wewe unayeoga Mabibo Hosteli na kulalamika maji yanakatika, sehemu ya hayo maji imepita karibu na Kisaki. Wenyeji ni Wakutu, na milimani juu ni Waluguru.

Na kuna maji moto. Yanatoka ardhini yenyewe, bila volkano yoyote jirani. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Basi, kitabu cha Darcy kikiwa bado kinanukia wino, Julai 1857, msafara wa Richard Burton na John Speke uliingia Zungomero, kituo kikubwa cha misafara ya kwenda bara, katika nchi ya Ukutu. Wanahistoria wanaiweka Zungomero maeneo haya haya ya Kisaki, na kijiji cha Gomero kiko hapo mpaka leo, jina lenyewe linajieleza. Wazungu wote wawili walikuwa hoi kwa homa. Kitabu cha Burton kilitoka mwaka 1860, na ndani yake anaitaja chemchemi ya maji moto ya Ukutu pamoja na jina ambalo wenyeji waliiita. Alivyowaandika Wakutu wenyewe sitarudia hapa, hayafai, lakini lile jina lina maana kubwa kwangu. Kitu hakipewi jina na watu ambao hawajakiona. Wakati mgeni anafungua daftari lake, wenyeji walikuwa wameshaitazama hiyo chemchemi vizazi na vizazi.

Angalieni hizo tarehe. 1856 Dijon, 1857 Ukutu. Mlinganyo unaoweza kueleza maji yanapitaje ardhini, na mahali ambapo maji yanapita ardhini kwa namna ya ajabu, vilikuwa tayari kwenye maandishi, vimeachana mwaka mmoja tu. Mtu angedhani vingekutana upesi. Havikukutana kwa zaidi ya karne moja.

Si kwamba hakuna aliyepita. Mwaka 1879 alikuja Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 aliyesomea jiolojia Edinburgh. Kiongozi wa msafara wake, Keith Johnston, akafia Behobeho, kusini tu ya Kisaki, Juni mwaka huo, na kijana akabaki na msafara mzima mikononi, mawe hayakuwa tena shida yake ya kwanza. Kisha Wajerumani: Wilhelm Bornhardt alizunguka koloni lote kati ya 1895 na 1897 na mwaka 1900 akatoa kitabu kikubwa cha sura ya nchi na miamba yake. Ramani za miamba zikaanza kupatikana. Lakini kuchora ramani ya jiwe na kupima jiwe linapitisha maji kiasi gani ni vitu viwili tofauti, kama picha ya mtu na kipimo cha damu yake.

Halafu ikaja vita. Septemba 1916 majeshi ya Lettow-Vorbeck yaliyokuwa yamerudi nyuma kutoka Morogoro yalipigana na Waafrika Kusini hapo hapo Kisaki, na kwa miezi iliyofuata Mto Mgeta ukawa mpaka kati ya majeshi mawili. Wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa, wengi kuliko askari, na majina yao hayako kwenye mnara wowote pale. Januari 1917 Waingereza walivuka Mgeta, na tarehe 4 mwezi huo Frederick Selous akauawa Behobeho. Jina lake ndilo lililopewa pori. Mvua za mwaka huo zilikuwa kali, Rufiji ikafurika, vita ikazama kwenye matope. Ukisoma habari za vita ile, maji yanatajwa karibu kila ukurasa, na hakuna hata mtu mmoja anayeyapima.

Naomba niende pembeni kidogo, kwa sababu katika vita hiyo hiyo, bara lingine, kulikuwa na mtu anayefanya kazi yangu kabla kazi yangu haijakuwapo. Lewis Fry Richardson, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker aliyekataa kushika silaha, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa Ufaransa kuanzia 1916. Kwenye mapumziko, akiwa amekaa penye nyasi kavu ndani ya banda lenye baridi, alijaribu kukokotoa hali ya hewa kwa milinganyo ya mtiririko. Kwa mkono! Navier alianza kuijenga mwaka 1822, Stokes akaikamilisha 1845, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba ina majibu mazuri siku zote. Taasisi ya Clay iliweka dola milioni moja kwa ajili hiyo mwaka 2000 na hela bado ipo mezani, mwenye nafasi ajaribu. Richardson alifanya kitu cha kihuni kidogo lakini cha akili: aliikata anga vipande vipande, akabadilisha milinganyo migumu kuwa kujumlisha na kutoa, kipande kwa kipande. Hivyo hivyo ndivyo kompyuta yangu inavyofanya leo na miamba ya Kisaki. Kukokotoa saa sita za siku moja, tarehe 20 Mei 1910, kulimchukua kama wiki sita. Mswada ukapotea vitani mwaka 1917, ukaja kuonekana Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe.

Na jibu lilikuwa bovu kupindukia. Alitabiri mgandamizo wa hewa upande kwa milibari 145 ndani ya saa sita, kitu ambacho hakiwezekani duniani. Akakichapisha hivyo hivyo mwaka 1922, na ubovu wake wote. Baadaye ilionekana kwamba njia yake ilikuwa sawa, tatizo lilikuwa kwenye vipimo vya kuanzia: vilikuwa na kelele ndogo ndogo ambazo hesabu ilizikuza. Yule rafiki yangu wa mabomba anapenda sana kusema kompyuta ndiyo iliyokosekana zamani. Kwa Richardson, hata ungempa kompyuta siku ile, angepata jibu lile lile bovu, ila angelipata haraka.

Turudi ardhini. Wakati sisi tuko hivyo, wengine walianza kuchota joto. Larderello, Italia, mwaka 1904 waliwasha taa tano kwa mvuke wa ardhini, na 1913 mtambo wa kweli ukaanza. Cha kutushangaza zaidi kiko jirani: mwaka 1952, Kiabukwa, Katanga, Kongo, ulijengwa mtambo mdogo wa kilowati 200 uliotumia chemchemi ya nyuzi 91 kuendesha shughuli za mgodi. Huo ndio mtambo wa kwanza wa jotoardhi barani Afrika, na watu wengi wanadhani ni Olkaria! Ulikuja kusimama baada ya miaka michache, na leo ukiwauliza wanafunzi wa uhandisi kumi, tisa hawajausikia. Olkaria yenyewe walichimba visima viwili miaka ya 1950, havikuleta mvuke wa kutumika, kazi ikalala. Ikaamshwa miaka ya 1970, na 1981 megawati 15 za kwanza zikaingia kwenye gridi. Ndipo watu wa maabara ya Lawrence Berkeley kule California wakaanza kuijengea Olkaria modeli, na programu yao iliyokuja kuitwa TOUGH2, ya mwaka 1991, ndiyo wajukuu zake tunaowatumia mpaka sasa. Ndani ya tumbo la programu hiyo, ukichimba sana, unamkuta Darcy amekaa na herufi yake.

Hapa kwetu, Kitivo cha Uhandisi Mlimani kilifunguliwa mwaka 1973. Kati ya 1976 na 1979 Wasweden wa kampuni ya SWECO walizunguka nchi wakiorodhesha chemchemi za maji moto. Orodha ikapatikana, ripoti ikawekwa kabatini. Kwa miaka mingi aliyetaka uzamivu kwenye mambo kama haya alipanda ndege, na akifika huko alifanya miamba ya huko, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na takwimu, ndiyo iliyokuwa na hela, na ndiyo aliyoijua msimamizi wake. Silaumu mtu, ningekuwa mimi ningepanda hiyo ndege na kuwatumia picha nikiwa kwenye theluji, teh teh. Lakini matokeo yake ni kwamba tulipata wataalamu wa miamba ya kwa watu. Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha ilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, ikiwa na shule nzima ya mambo ya malighafi, nishati, maji na mazingira, na serikali ilipoanzisha kampuni ya jotoardhi, TGDC, mwaka 2013, na Kisaki ikawa kwenye maeneo yanayotajwa, ndo kwanza yale mambo mawili ya 1856 na 1857 yakaanza kusogeleana.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, na naahidi hakuna mlinganyo hata mmoja.

Uluguru inapanda zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kisaki haifiki 300. Miteremko ya mashariki inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua inayozama kwenye nyufa za milima ina urefu wa zaidi ya mita 2,000 wa maji juu yake kuisukuma chini, na kila mita 10 ni kama kuongeza uzito wa hewa yote iliyo juu yetu mara moja. Huo ni msukumo wa mara 200. Kuhusu joto, ardhi ya kawaida inaongezeka kama nyuzi 25 hadi 30 kila ukishuka kilomita moja. Tuseme maji yanatoka na nyuzi 70 mahali ambapo hali ya hewa ya wastani ni nyuzi 25: yameokota nyuzi 45 njiani, kwa hiyo yameshuka kama kilomita moja na nusu hadi mbili, pengine zaidi maana yanapoa yakipanda. (Nyuzi halisi nilizopima siziweki hapa, msimamizi wangu atanichinja kabla sijachapisha.) Hakuna haja ya volkano. Mvua ya juu milimani inazama, inachemka taratibu kwa miaka mingi, halafu inatafuta pa kutokea. Na pa kutokea pazuri ni pale miamba migumu ya kale ya Uluguru inapogusana, kwenye mpasuko, na miamba ya Karoo ya tambarare, ile ya mchanga ulioganda. Kisaki imekaa karibu na mpaka huo.

Hadithi nzuri eh? Ni nzuri, na ndiyo hatari yake. Hadithi nzuri unaweza kuipaka rangi nyekundu na buluu ukaipeleka kwenye kikao na watu wakapiga makofi.

Shida ni ile k. Miamba migumu ya Uluguru ukiipima kipande kimoja maabara, karibu haipitishi maji kabisa. Maji yanapita kwenye nyufa. Na ufa una tabia moja mbaya: upana wake ukiwa mara mbili, maji hayapiti mara mbili, yanapita mara nane. Yaani ukikosea upana wa ufa, wa unywele na wa nywele mbili, umekosea mtiririko mara nane. Ongeza kwamba maji yenyewe yakichemka yanalegea. Kwenye nyuzi 80 mnato wake ni chini ya nusu ya ule wa nyuzi 25, kwa hiyo yanakimbia zaidi, na yakikimbia yanaleta joto zaidi, na joto linayalegeza tena. Kosa dogo mwanzoni linazaliana. Richardson analijua hilo.

Kwa makusudi nilifanya jaribio. Modeli ile ile, mvua ile ile, milima ile ile. Mara ya kwanza nikaipa thamani za miamba kutoka majedwali ya nchi nyingine, kama inavyofanyika watu wanapokosa za kwao. Mara ya pili nikaipa thamani za mawe tuliyoyabeba wenyewe kutoka Kisaki na kuyapima hapa. Picha ya kwanza ilikuwa nzuri mno, laini, ya kuweka kwenye jalada. Tatizo moja tu: maji moto yalitokea mahali ambapo hakuna chemchemi, ng'ambo kabisa ya mto. Picha ya pili ni mbaya, ina madoa, lakini chemchemi imekaa karibu na ilipo. Nimeitundika juu ya meza yangu ile mbaya.

Na hili si suala la picha. Kisima cha jotoardhi cha kina kinagharimu mamilioni ya dola, kiwe na maji au kikavu. Mtu ataweka mashine mahali fulani kwa sababu ramani fulani ilisema hapo. Ikichimbwa ng'ambo ya mto na ikatoka kavu, itaandikwa kwenye ripoti kwamba Kisaki haina kitu, ripoti itaingia kabatini, na miaka 40 mingine itapita. Visima vya Olkaria vya miaka ya 1950 viliilaza kazi miaka mingi, na wao angalau walikuwa na volkano ya kuwakumbusha. Kisaki ikilazwa, nani ataiamsha?

Najua mtakachosema, rafiki yangu alishakisema: umeme si upo mlangoni kwao, bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 liko kusini tu hapo, mitambo yote tisa imekamilika 2025, chemchemi ya nini tena? Namkubalia nusu. Kwa umeme pekee Kisaki haitashindana na Rufiji hata kidogo. Ila joto lenyewe ni mali bila kuligeuza umeme. Kukausha mahindi na mpunga, ambavyo mvua za Uluguru huviozesha uani, hakuhitaji nyuzi 200, kunahitaji 60 au 70. Mkulima wa pale anapoteza mazao kwa unyevu hatua chache kutoka kwenye joto la bure. Nikilisema hilo kwenye semina naona watu wanatazama simu. Megawati zinapigiwa makofi, mahindi makavu hayapigiwi.

Kuna jambo moja ambalo halipo kwenye kabati lolote. Safari ya pili Kisaki nilipelekwa kwa mzee mmoja ambaye amelima karibu na chemchemi maisha yake yote. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, karibu, umekuja kupima tena?" Maana sikuwa wa kwanza kwenda na vyombo. Nikamweleza nataka kujua joto la maji linavyobadilika mwaka mzima. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. "Masika yanapoa," akasema. "Ila hayapoi siku ya mvua. Mvua ikinyesha leo, hapa hujui kitu mpaka siku kama tatu nne. Na mwaka ule wa Elnino yalipoa yote mawili, hili jicho na lile la juu. Miaka mingine linapoa hili la chini tu."

Wadau, nilikaa chini. Kuna wataalamu wamelipwa hela kwenda kutafuta kitu hicho hicho. Kwamba yanapoa masika maana yake kuna maji baridi ya juu juu yanayochanganyika na ya moto karibu na uso wa ardhi. Kwamba yanachelewa siku tatu nne maana yake hayo ya juu hayamwagikii tu kwenye jicho, yanapita kwenye kitu, mchanga, na ucheleweshaji huo unakupa k ya huo mchanga. Kwamba kwa kawaida jicho moja linapoa na lingine halipoi maana yake ni njia mbili tofauti. Babu alikuwa amefanya jaribio la Darcy kwa miaka 60 bila bomba la chuma.

Nikiwa njiani kurudi, kwenye kosta iliyojaa mpaka mlangoni, nilikuwa namuwaza Erasto Mpemba. Mnamkumbuka: mwaka 1963, kidato cha tatu, Magamba, Lushoto, anatengeneza aiskrimu, anaona maziwa ya moto yamewahi kuganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu akamcheka. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka Mlimani, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakimzomea. Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wapo wanaobisha, mwaka 2016 watafiti Uingereza waliandika kwamba wamejaribu na hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba hata mahali unapokiweka kipimajoto kunaweza kukudanganya. Mimi sina upande. Kinachonivutia ni kwamba Osborne hakusema "hiyo haiwezekani", alirudi maabara akachemsha maji. Na jina la Mpemba likawekwa kwenye makala, la kwanza.

Kwa hiyo nimeomba, na msimamizi amekubali, kwamba vipimo vya mwaka mzima vya Kisaki viwe sura nzima ya tasnifu, kabla ya modeli yoyote, na aliyevichukua atajwe. Rafiki yangu wa mabomba anasema sura hiyo itanichelewesha mwaka. Pengine. Nimemwachia babu kipimajoto na daftari la shule, mjukuu wake wa darasa la sita anamsaidia kuandika. Kila Ijumaa wakishatoka msikitini wanapima macho yote mawili ya chemchemi, kisha wananitumia namba kwa meseji. Ijumaa hii meseji ilikuja na nyongeza: "Juzi mvua kubwa milimani, hapa bado. Subiri Jumatatu."